Ile video ina sekunde 40 tu, ngojeni niwape iliyobaki

Najua mmeshaiona, ile ya mimi nikipindua bakuli la chakula mbele ya wageni. Mshikaji wangu kaiweka status tangu jana usiku, na leo asubuhi muuza vocha wa hapa mtaani Magomeni kaniita "Mzee wa Ngoma". Basi na mimi nisikilizwe. Kwanza kabisa, sikulia. Ule ulikuwa moshi.

Chanzo ni filamu. Big Night, ya mwaka 1996. Nimeirudia mpaka mchumba wangu akiona tu wale ndugu wawili wa Kiitaliano wametokea, anabeba simu yake anahamia chumbani. Primo mpishi, Secondo msimamizi, mgahawa wao uko New Jersey miaka ya 1950 na unakaribia kufungwa kwa sababu Primo hataki kupika chakula cha kudanganyia wateja. Kuna mama mmoja analetewa risotto, ambayo ni wali, naye anataka na tambi pembeni. Primo nusura apasuke kwa hasira. Mimi kila nikifika hapo namcheka sana yule mama. Likumbukeni hilo.

Halafu usiku wa karamu inatoka timpano. Jina lenyewe maana yake ngoma. Unatandaza unga uliokandwa ndani ya bakuli, unajaza makaroni, vipande vya nyama, mayai, jibini na mchuzi wa nyanya, unafunika kwa unga uleule, unaoka, kisha unaipindua kwenye sinia isimame yenyewe kama ngoma kweli. Kwenye filamu wale ndugu wanaipapasa kama tumbo la mjamzito, na mezani watu wanaduwaa. Nikasema basi, shangazi yake mchumba wangu akija kutoka Korogwe kuniangalia, ataduwaa vilevile.

(Mwenye akili angepika pilau. Asanteni, nimeshaambiwa.)

Jibini niliinunua Posta, katikati ya jiji, kwa bei ambayo sitaitaja hapa kwa sababu mchumba wangu anasoma. Salami, ile soseji yao ya nguruwe, sikuitafuta, shangazi ni mtu wa swala tano, nikaweka soseji za ng'ombe. Rihani nikaifuata kwa mama anayeuza asumini na vikuba. Akanifungia, akanitazama juu mpaka chini, akauliza, "Harusi ya nani, mwanangu?" Nikamwambia ni ya kutia kwenye mchuzi. Hakunijibu. Alinirudishia chenji tu, taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa dawa.

Oveni sina. Lakini mimi nimelelewa na bibi aliyeoka mkate wa kumimina kwa mkaa, moto chini na mwingine umepaliwa juu ya kifuniko, kwa hiyo nikaona Waitaliano hawana jipya. Bakuli nikachukua lile la bati, jeupe lenye ukingo wa buluu, la kunawishia wageni. Unga nikaukanda kama wa chapati. Mayai 8 nikayachemsha, nikayatumbukiza mazima bila kuyakata, maana muda ulishanitupa mkono.

Wageni walifika saa moja jioni. Timpano ilitoka motoni saa nne kasoro. Na maelekezo yanasema wazi kabisa: ikitoka, iache itulie nusu saa nzima ishikane ndani, ndipo uipindue. Mimi nikachungulia ukumbini. Shangazi alikuwa ameshika tasbihi na macho kayafumba. Sikujua anaswali au anazimia.

Sikusubiri.

Sasa hapa twende polepole, maana kwenye video mnaona mwisho tu.

Nikaitoa mbele ya watu saba waliokaa mkekani. Nikafunika bakuli kwa sinia. Nikashika huku na huku kwa vitambaa, nikasema bismillahi, nikageuza kwa mkupuo mmoja. Safi. Hakuna kilichodondoka. Mchumba wangu akapiga makofi mawili. Nikaanza kulivuta bakuli juu, halikuvutika. Nikavuta tena, sinia nalo likanyanyuka.

Ndipo nikakumbuka filamu. Nikainama, nikaweka sikio kwenye bati. Mshikaji, simu mkononi, akauliza, "Inasemaje?" Na mimi kwa ujinga wangu nikachukua mwiko nikaanza kuigonga. Ti-ti-ti. Watu wakacheka. Nikapata kichwa, nikaongeza: ti-ti-tam, ti-ti-tam, nikatikisa na mabega. Shangazi akafumbua jicho moja.

"Baba," akasema, "ngoma ikivuma sana..."

Hakuimalizia. Haikuwa lazima.

Kwanza ulitoka uzi mwembamba mwekundu pale ukingoni. Nikaufunika kwa kidole. Ukatokea upande wa pili. Nikaweka kidole kingine. Nilikuwa nimekumbatia lile bakuli kama mtu anayemzuia ng'ombe, nikitabasamu, nikisema, "Ni kawaida hiyo, ni kawaida." Halafu bakuli likaachia lenyewe. Likabaki mikononi mwangu na ganda lote la juu, limeungua jeusi, limeng'ang'ania bati, na vilivyokuwa ndani vikashuka kwa sauti ambayo siwezi kuiandika. Kama mtu mnene anayekaa kwenye tope. Mchuzi ukavuka sinia, ukaingia mkekani. Makaroni yakaufuata kwa foleni.

Na yai moja likatoka.

Zima. Jekundu kwa nyanya. Halikuwa na haraka. Likabiringika mpaka ukingo wa sinia, likasita kidogo pale (wewe unayecheka, nakuona), likadondoka, likapita katikati ya glasi mbili bila kugusa hata moja, likaenda kutulia kwenye pindo la kanga ya shangazi. Watu wote wakalitazama. Hakuna aliyepumua. Shangazi akaliokota kwa vidole viwili, akalipuliza fuu, akaling'ata.

"Hili limeiva," akasema.

Hapo ndipo moshi uliniingia machoni.

Yaliyofuata mtayajaza wenyewe. Mkeka umelowekwa, paka wa jirani ameshiba kwa wiki, na si kweli kwamba shangazi alizimia. Mshikaji alitumwa kibandani, akarudi na chipsi mayai sahani saba. Tukala kimyakimya. Kuvunja ule ukimya nikamweleza shangazi kwamba hata filamu yenyewe inaisha hivihivi: karamu imekwisha vibaya, asubuhi Secondo anakaanga mayai, wanakula na nduguye, hawasemezani. Nikaona kapendezwa, nikanogewa, nikamhadithia na mengine, mpaka na yule mama aliyeletewa wali akataka na tambi pembeni.

Shangazi akaacha kutafuna.

"Kwani walimnyima?"

Nikamwambia mpishi alikasirika sana, aliona mteja anamtukana.

Akatazama sinia, akatazama mkeka, akanitazama mimi.

"Yule mama alikuwa na haki yake," akasema. "Na wewe, baba, wali uko wapi?"