Kabla ya kuziita sahani hizi hongo

Ukiona sahani ya uchaguzi ya Bristol, mji wa Uingereza, yenye maandishi ya buluu "Nugent Only 1754", wazo la kwanza ni takrima. Mgombea mwenye fedha kagawa vyombo, na mpiga kura anakula huku jina la mheshimiwa likimtazama. Wachambuzi wengi huishia hapo, na wana sababu. Uchaguzi wa Uingereza wa karne ya 18 ulijaa pombe na karamu, ingawa sheria ya 1696 ilikataza wagombea kulisha na kunywesha wapiga kura. Kule Tewkesbury, mji mwingine wa Uingereza, kuelekea uchaguzi huohuo wa 1754, wapiga kura walimtaka kila mgombea atoe pauni 1,500 za kutengeneza barabara. Nicolson Calvert na John Martin wakakubali, wakaingia bungeni, na sahani zao zipo hadi leo.

Hayo siyapingi. Ninachopinga ni kuichukulia sahani kuwa ushahidi wa hongo bila hata kusoma kilichoandikwa juu yake.

Chukua neno moja tu: "Only", yaani peke yake. Bristol ilikuwa na viti viwili, na kila mpiga kura alikuwa na kura mbili. Chama cha Whig kilimsimamisha Robert Nugent peke yake. Wa chama pinzani cha Tory walikuwa wawili, Richard Beckford na Sir John Philipps. Mfuasi wa Nugent akishampa kura ya kwanza, ya pili ampe nani? Yeyote atakayempa ni mpinzani, na kura hiyohiyo yaweza kumpandisha mpinzani juu ya Nugent. Sahani inamwambia: ya pili usiipige kabisa. Fikiria uzito wa ombi hilo. Majirani zake wengi, na wanawake wote nyumbani mwake, hawakuwa na kura hata moja, naye anaombwa aitupe nusu ya haki yake. Mtu uliyemnunua humwelezi hesabu ya namna hii. Unamweleza yule unayeamini ataielewa na kuikubali. Nugent alishinda, Beckford akachukua kiti cha pili.

Sasa iweke pembeni ya sahani ya Tewkesbury: "Calvert & Martin For Tukesbury 1754". Hapa pana alama ya "na", kwa sababu kura zote mbili zina pa kwenda. Jina la mji limekosewa. Mchoraji alipitisha brashi juu ya unga mkavu wa rangi nyeupe yenye bati, ambao hunyonya wino papo hapo, kwa hiyo akikosea hakuna kufuta. Halafu yapo maneno mengine: "Sold by Webb", zinauzwa na Webb. Zawadi ya kununulia kura haihitaji jina la mwenye duka. Utasema wakala wa kampeni angeweza kuzinunua kwa wingi na kuzigawa, na kweli angeweza. Lakini tangazo lile linamlenga mteja mwingine, atakayeiona kwa jirani na kuitaka ya kwake.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya hofu. Kura ya siri ilikuja 1872. Kabla ya hapo mtu alitamka mbele za watu anamchagua nani, karani akaandika, na mwenye nyumba au mwenye shamba akajua. Katika mazingira hayo sahani iliyopangwa kabatini yaweza kuwa kinga tu, mtu kujionyesha yuko upande wa mkubwa wake. Siwezi kusema halikutokea.

Ila hofu ikishapita, kwa nini uendelee kuitunza sahani? Vyombo vya aina hii ni laini. Ukingo ukigongwa kidogo tu, weupe unabanduka na udongo wa rangi ya kahawia hafifu unatokeza. Kuna sahani za Sir John Pole, aliyegombea Taunton mwaka huohuo wa 1754 akashindwa. Zimeandikwa kwamba Pole ni wa milele. Mtu aliyeshindwa hakuwa na cha kumlipa wala cha kumtisha yeyote, na bado kuna nyumba iliyoilinda sahani yake isipasuke, na baada yake nyingine, kwa zaidi ya miaka 260.