Si Kila Mtoto wa Muziki Ni wa Kusimama Mbele

Wazazi wa Nairobi tumebadilika. Zamani mtoto akisema anataka kusomea muziki aliulizwa swali moja tu: utakula nyimbo? Siku hizi wengi wetu tunasema sawa, nenda. Tunalipa karo, tunakopa kwenye chama tununue kinanda, tunamwombea. Nafurahia mabadiliko hayo kwa moyo wote. Lakini nimeona kinachofuata baada ya hiyo "sawa", na nimeona kinavyoweza kumbana mtoto kuliko hata kukataliwa.

Binti ya kaka yangu ana miaka 16. Yuko Gredi ya 10 katika shule moja ya sanaa hapa mjini. Tangu akiwa Shule ya Jumapili, kanisa letu kule Umoja lilijua ana sauti, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama angependa kuimba maishani, kwa sababu jibu tulikuwa nalo sisi. Alipopata nafasi shuleni, ukoo mzima ulichanga. Hakuna aliyeandika masharti ya mchango huo. Mtoto aliyasoma mwenyewe machoni petu. Arusi ikija, aimbe. Wageni wakija, aitwe chumbani aje aimbe. Video iwekwe kwenye grupu la familia, watu waweke makofi, na jamaa wa Eldoret waulize ni lini watamwona kwenye runinga.

Shuleni nako mambo ni yale yale, tena na alama juu yake. Kila baada ya muda fulani wazazi hualikwa jioni kusikiliza, na majina ya waliochaguliwa kuimba peke yao hubandikwa ubaoni. Asiyekuwepo kwenye orodha anajulikana na shule nzima kabla ya chakula cha mchana. Ukiwa na miaka 16, hilo si jambo dogo.

Katikati ya hayo yote, msichana huyu akagundua kitu. Darasa lao lilipewa wimbo wenye sauti ya kwanza peke yake, wakaambiwa waufanyie mazoezi. Yeye akakaa nyuma na daftari, akaandika kwa solfa, yaani noti za do-re-mi, sauti nyingine tatu, alto, tena na besi, kisha akawagawia wenzake. Walipoimba, alisikiliza tu. Baadaye aliniambia, "Anti, nikiimba nasikia sauti yangu tu. Nikiandika nawasikia wote."

Tangu siku hiyo daftari halimtoki mkononi. Anaandikia kwaya ya vijana kanisani. Akiwa kwenye matatu anasikiliza besi, halafu anaieleza mpaka unachoka. Lakini kila alivyozidi kuandika ndivyo hamu yake ya kuimba peke yake ilivyopungua, na hapo ndipo watu wazima walipoanza kutafuta ugonjwa. Mwalimu mmoja akasema amezembea. Wifi yangu akashuku simu. Mjomba wake akashuku mvulana. Hakuna aliyefikiri kwamba mtoto aliyepelekwa shule ya muziki ili ajijue huenda ndiyo kwanza ameanza kujijua.

Naelewa hofu yetu inatoka wapi. Katika mtaala mpya, mwanafunzi wa Sekondari Pevu huingia mmoja kati ya mikondo mitatu, na Wizara ya Elimu ilieleza matarajio yake waziwazi: asilimia 60 waende Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, 25 waende Sayansi ya Jamii, na 15 waliobaki waende mkondo wa Sanaa na Michezo. Kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake ameingia muziki anajiona anasimama na wachache. Jirani mwenye mtoto wa fizikia haulizwi chochote. Wa muziki anaulizwa kila siku, na jibu linalonyamazisha watu haraka ni nyota: jukwaa, vigelegele, jina. Mtoto anabebeshwa kazi ya kutushindia mjadala wetu na majirani. Mzigo huo ni wetu, na kumtwisha yeye ni kumwonea.

Halafu tuangalie muziki wenyewe unavyofanywa. Wimbo wa taifa, ambao kila mtoto wa Kenya huuimba gwaridani, ulitokana na bembelezi la Wapokomo. Mwaka 1963 uliundwa kwa kazi ya kikundi cha wanamuziki watano, akiwamo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, waliokaa wakaupanga na kuutungia maneno, huku wimbo wa asili ukitoka kwa mzee wa Kipokomo, Meza Moroa Galana. Waulize watu kumi pale kituo cha mabasi cha Kencom, katikati ya jiji, wakutajie hata mmoja wao. Watakuimbia ubeti mzima bila kukosea, ila majina hawatayapata. Kwangu huo ni ushahidi kwamba muziki mkubwa kabisa wa nchi hii ulitengenezwa na watu waliokaa mezani na kalamu.

Tuje kwa muziki wa vijana wenyewe. Kundi la Sauti Sol linafahamika kwa sauti za waimbaji wake, na watatu kati yao walitoka Upper Hill School hapa Nairobi. Wa nne, Polycarp Otieno, aliingia na gitaa lake. Ondoa gitaa hilo kwenye nyimbo zao za mwanzo uone kinachobaki. Na benga, muziki uliotoka Nyanza ukarekodiwa kwa wingi hapa mjini River Road, unasimama juu ya mazungumzo ya gitaa la solo na gitaa la besi. Mpiga besi hatazamwi sana, ila akikosea noti moja ukumbi mzima unajua.

Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo mizizi yake inarudi 1927, lina nafasi za nyimbo za kiasili zilizopangwa upya na za tungo mpya. Nalipenda sana tamasha hili. Nimekaa kwenye viti vya mbao nikalia shule ya kijijini ilipowashinda wakubwa. Lakini mara nyingi anayetunga na kupanga sauti ni mwalimu, au mtaalamu aliyekodiwa, na mwanafunzi kazi yake ni kukariri na kuimba vizuri. Jaji anaandika maoni kuhusu pumzi, matamshi na mavazi ya watoto. Mtoto aliyejaribu kuandika mstari wake wa alto hana pa kuupeleka. Kama kuna mahali ambapo shule za sanaa zingeweza kuanza kesho asubuhi bila kununua kitu chochote, ni hapo: wimbo mmoja wa muhula upangwe na wanafunzi, ukubalike ukiwa na makosa yake, na aliyeupanga apewe alama kwa kazi hiyo.

Nimeambiwa kwamba kusimama mbele kunamjenga mtoto, kunamwondolea woga. Ni kweli. Mwanamuziki yeyote atapaswa kusimama mbele ya watu siku moja, hata kama ni kuongoza kwaya tu, na sitaki mpwa wangu akimbie kila jukwaa. Kuna tofauti kubwa hata hivyo kati ya jukwaa la kujifunzia na jukwaa la kulipia deni la ukoo. Katika la kwanza unaweza kusahau maneno, ukacheka na wenzako, ukarudia. Katika la pili kila kosa linaonekana kama karo imemwagika, na koo la msichana wa miaka 16 linajifunga lenyewe. La kwake lilijifunga. Alisimama, kinanda kikapiga utangulizi mara ya kwanza, kikapiga mara ya pili, akateremka. Usiku huo hakuna aliyemkaripia, lakini nyumba nzima ilinyamaza wakati wa kula, na naamini ukimya ule ulimuumiza kuliko kelele.

Kuhusu lile swali la zamani la atakula nini, nalo lina majibu ambayo hatuyatafuti. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi wa muziki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Haki hiyo iko mikononi mwa mtunzi hata kama hajawahi kupanda jukwaani. Malipo kufika mfukoni ni vita vingine, na wanamuziki wetu wamelalamikia mgao wa mirabaha kwa miaka mingi. Lakini vita hivyo vinampata mwimbaji pia, kwa hiyo haviwezi kuwa sababu ya kumlazimisha mtunzi awe mwimbaji. Kwaya za makanisa mjini hapa zinatafuta watu wa kupanga sauti. Filamu na matangazo yanahitaji muziki. Kazi ipo, ila haipigwi picha.

Nimemwomba kaka yangu jambo moja, naye amekubali baada ya kuvutana: muhula huu binti asiimbishwe nyumbani asipotaka mwenyewe. Grupu la familia likae bila video. Wifi yangu bado ana wasiwasi, na simlaumu, maana yeye ndiye aliyeuza cherehani ili karo itimie.

Shuleni bado kuna kazi. Ripoti ya mtoto ina safu ya kuimba peke yake, ya kupiga ala na ya nadharia. Kwaya yao sasa inaimba wimbo alioupanga yeye, sauti zote nne, na kwenye ripoti wimbo huo haupo popote. Mkutano wa wazazi ni mwezi ujao. Kaka yangu atakuwa kazini Mombasa, nitaenda mimi na lile daftari, nimuulize mwalimu mkuu aliyeandika wimbo anawekwa safu gani.