Si kila kigeu cha Lisp kinastahili kukaa ndani ya C

Mtu akipendekeza kigeu kipya cha DEFVAR (makro ya C inayotangaza kigeu kinachoonekana na Lisp pia) ndani ya kihariri cha matini cha Emacs, sababu anayoitoa karibu kila mara ni kasi. C inahitaji thamani, basi thamani ikae C, msimbo wa C usihangaike kuiulizia Lisp. Upande wa C anayesema hivyo hajakosea. Ninachopinga ni kupiga hesabu ya upande mmoja na kuacha ule mwingine, maana upande huo mwingine ndiko gharama inakolipwa.

Nimeichagua Emacs kwa sababu hakuna programu ninayoijua ambayo lugha hizi mbili zimeishi pamoja kwa muda mrefu hivyo na kushikana kiasi hicho. GNU Emacs ilitoka mwaka 1985 ikiwa na kiini cha C na Lisp juu yake, na hadi leo mamia ya vigeu vinaonekana kutoka pande zote mbili.

Ukiandika DEFVAR_INT, ambayo ni DEFVAR ya namba kamili, thamani inawekwa kwenye struct moja kubwa iitwayo globals, na jina unalotumia kwenye C ni makro tu inayokupeleka kwenye sehemu yake humo. Kusoma ni kuchota namba kutoka kwenye kumbukumbu, basi. Hakuna kukagua aina wala kuondoa biti za aina ambazo Lisp hubandika kwenye kila namba. Msimbo wa kuchora skrini unasoma vigeu vilevile tena na tena, mstari baada ya mstari, na huko sina ugomvi kabisa.

Sasa vuka uende Lisp. Kila jina huko ni alama yenye chumba cha thamani. Kigeu cha kawaida thamani yake imo chumbani humohumo, na Emacs huiita hali hiyo SYMBOL_PLAINVAL. Kile kinachoshirikiwa na C hakina thamani chumbani: kuna kielekezi cha kwenda kwenye kumbukumbu ya C na maelezo ya aina yake, yaani SYMBOL_FORWARDED. Fungua faili la bytecode.c, linaloendesha Lisp iliyokompailiwa, utafute Bvarref, agizo la kusoma kigeu. Utakuta njia ya mkato: alama ikiwa PLAINVAL, thamani inachukuliwa palepale. Ikiwa ya hali nyingine yoyote, inaitwa Fsymbol_value, ambayo inauliza aina, inakwenda C, na kwa DEFVAR_INT inaifunga namba upya iwe namba ya Lisp. Kuandika nako kunapita mlango mrefu: lazima kuhakikisha ni namba kamili, kisha kwamba inaenea kwenye intmax_t, aina ya namba ya C, la sivyo kosa linatupwa.

Niliwahi kujiletea hasara hiyo mwenyewe. Nilikuwa na kihesabu ambacho C ilikihitaji mara moja tu, mwisho wa kazi, nikakifanya DEFVAR_INT. Aliyekuwa akikiongeza ni kitanzi cha Lisp, maelfu ya mara. Nikawa nimerahisisha usomaji mmoja na kuongezea uzito kila mzunguko wa kitanzi. Swali ambalo ningepaswa kujiuliza ni jepesi: nani anakigusa mara nyingi zaidi? Tangu hapo ndilo swali langu la kwanza ninaposoma mabadiliko ya mtu mwingine.

Tena kigeu cha namna hii hakiwezi kuwa cha leksika, yaani kinachoonekana ndani ya kipande chake cha msimbo tu. Tangu Emacs 24 ya mwaka 2012, faili likiwasha lexical-binding, kigeu cha ndani kilichofungwa kwa let (agizo la kukipa kigeu thamani ya muda) kwenye msimbo uliokompailiwa hukaa kwenye rafu, na kukisoma ni rahisi mno. Kilichotangazwa kwa DEFVAR ni cha dainamiki daima: let inahifadhi thamani ya zamani, inaandika mpya kule C, na kuirudisha ya zamani ikitoka.

Lakini panaponiuma hasa ni kwenye bafa, yaani mahali Emacs inaposhikia matini unayohariri. Emacs huruhusu kigeu kuwa na thamani tofauti katika kila bafa, na C inasoma mahali pamoja tu pa kumbukumbu. Kwa hiyo mahali hapo lazima pawe na thamani ya bafa iliyopo sasa, kila wakati, hata kama hakuna msimbo wa C utakaoisoma. Angalia inavyofanyika unapohama bafa: Emacs inapita orodha yote ya vigeu vya bafa unayoingia, halafu orodha ya ile unayotoka, ikitafuta vile vinavyoelekea C. Kila kikipatikana, Fsymbol_value inaitwa si kwa ajili ya jibu, bali ili thamani sahihi iingie mahali pake. Modi kubwa, yaani mpangilio wa Emacs kwa aina fulani ya faili, huweka vigeu vingi vya bafa. Kila with-current-buffer, agizo la kufanya kazi kwa muda ndani ya bafa nyingine, inapita orodha hizo ikienda, na inazipita tena ikirudi. Mtu aliyeandika kitanzi cha kuruka kati ya bafa mbili analipia vigeu ambavyo hajawahi hata kuvisikia.

Ipo DEFVAR_PER_BUFFER, ambapo thamani inakaa ndani ya struct ya bafa yenyewe. Hapo kuhama hakuhitaji kubadilishana chochote. Ila kila bafa inabeba nafasi hiyo, itumike isitumike.

Halafu DEFVAR_BOOL. Jaribu hii:

(setq visible-bell 'polepole)
visible-bell ⇒ t

Uliweka alama, umepokea t, yaani "kweli" ya Lisp, kwa sababu upande wa C ilikuwepo nafasi ya ndiyo au hapana tu. Hata kompaila ya baiti inalazimika kuwa na orodha yake, byte-boolean-vars, ili isije ikadhani kwamba ulichoweka ndicho utakachosoma.

Kwangu mimi, kigeu kizaliwe Lisp, na C ikiulizie mara moja mwanzoni mwa kazi:

Lisp_Object v = find_symbol_value (Qupana_wa_safu);
EMACS_INT upana = FIXNUMP (v) ? XFIXNUM (v) : 80;

Kuanzia hapo kitanzi cha C kinatumia upana, ambacho kompaila inaweza hata kukiweka kwenye rejista. Moduli za nje, zilizoruhusiwa tangu Emacs 25 ya mwaka 2016, hazina DEFVAR kabisa. Zinaita symbol-value kupitia funcall, zinageuza thamani, zinafanya kazi. Watu wameandika moduli nzuri sana kwa njia hiyo.

Hatari yake naikubali. Katikati ya kitanzi C ikiita fanksheni ya mtumiaji, na fanksheni hiyo ikabadilisha kigeu, nakala uliyoshika imepitwa na wakati. Baada ya kila wito wa namna hiyo, soma upya. Hitilafu ya aina hii ni ngumu kuikamata kwa sababu hutokea kwa yule mtumiaji mmoja mwenye usanidi wa kipekee.

Emacs yenyewe ilikutana na tatizo hili kwenye gc-cons-threshold, kiwango cha kumbukumbu mpya inayotumika kabla ya kukusanya taka (kurudisha kumbukumbu isiyohitajika tena), ambayo kwenye mashine za biti 64 huanza na baiti 800,000. Tangu Emacs 27, C inashika kihesabu chake kinachoteremka kuelekea sifuri, na kikifika huko ni wakati wa kukusanya taka. Lisp ikibadilisha kiwango njiani, kihesabu kingebaki na hesabu ya zamani. Suluhisho lilikuwa kuweka mlinzi, watch_gc_cons_threshold, anayeamshwa pale tu kigeu kinapoandikwa, akapiga hesabu upya. Mtumiaji huandika kigeu hicho mara chache sana, lakini kihesabu hutazamwa muda wote Lisp inapofanya kazi, hivyo gharama ya mlinzi imeangukia mahali panapoibeba. Kabla ya DEFVAR nyingine, ningependa kuona mlinzi kama huyo amejaribiwa.