Denmark waliniuliza kuhusu nguruwe, Moshi hakuna aliyeuliza kuhusu ng'ombe

Ukilazwa hospitali hapa Denmark utaulizwa maswali kadhaa, na mojawapo litakushangaza kama umetoka kwetu Kilimanjaro: je, hivi karibuni umekuwa karibu na nguruwe walio hai? Ukisema ndiyo, unachukuliwa sampuli kutafuta bakteria wa MRSA, jamii ya bakteria sugu kwa dawa ambao wamezoea kuishi kwenye mabanda ya nguruwe wa nchi hii. Denmark ina nguruwe wengi kuliko watu, kwa hiyo swali lenyewe lina uzito.

Nafanya kazi kwenye maabara ya hospitali mjini Odense. Nikiwasimulia ndugu wa nyumbani mambo kama haya, jibu huwa ni lile lile: wenzetu wana hela. Sikatai, hela wanazo. Lakini swali la nguruwe haligharimu hata senti. Limefika kwenye fomu ya hospitali kwa sababu watu wa mifugo na watu wa afya walikaa meza moja, wakasomeana matokeo, wakakubaliana. Hilo ndilo ninalolilia kwetu.

Mwaka 1995 wizara ya afya na wizara ya chakula na kilimo za hapa zilianzisha kwa pamoja mpango unaoitwa DANMAP. Kazi yake ni kufuatilia usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA kama tunavyouita nyumbani, kwa wanyama, kwenye nyama na vyakula, na kwa binadamu. Taasisi ya Statens Serum Institut inaleta takwimu za wagonjwa, Chuo Kikuu cha Ufundi cha DTU na mamlaka ya mifugo wanaleta za wanyama na vyakula, na ripoti moja inatolewa kila mwaka, mtu yeyote anaisoma. Mwaka huo huo walipiga marufuku avoparcin, dawa iliyokuwa inachanganywa kwenye chakula cha kuku na nguruwe ili wakue haraka, kwa sababu ilionekana inazalisha bakteria sugu kwa dawa ya akiba ya hospitalini. Mwaka 2010 wakaleta kadi ya njano: mfugaji wa nguruwe anayetumia antibiotiki kupita kiwango anapewa onyo rasmi na kufuatiliwa. Wanajua kiasi anachotumia kwa sababu tangu 2000 dawa za mifugo zinaandikwa kwenye mfumo mmoja wa taifa, shamba kwa shamba.

Upande wangu wa maabara, majibu ninayoyathibitisha asubuhi yanaingia yenyewe kwenye hifadhi ya taifa iitwayo MiBa, iliyoanza 2010, inayopokea majibu ya maabara zote za mikrobaiolojia nchini. Sijazi fomu ya mwezi wala simpigii mtu simu. Nikikuta salmonela kwenye choo cha mgonjwa wa hapa, na mwenzangu wa Aalborg akakuta ya kufanana nayo wiki hiyo hiyo, kuna mtu Copenhagen anayeona zote mbili na kuanza kuuliza watu hao walikula nini.

Wasije wakadhani nawasifia tu. Novemba 2020 serikali ya hapa iliamuru minki wote wa nchi wauawe, wale wanyama wadogo wanaofugwa kwa ajili ya manyoya, baada ya kirusi cha korona kubadilika ndani ya mashamba yao na kurudi kwa watu. Zaidi ya wanyama milioni 15. Baadaye ikabainika kwamba serikali haikuwa na sheria ya kuamuru mashamba yasiyo na ugonjwa yateketezwe pia, na waziri wa chakula akajiuzulu mwezi huo huo. Wanasayansi walitoa onyo, wanasiasa wakakimbia, wanasheria hawakusikilizwa. Wafugaji waliopoteza kazi ya maisha yao bado wanalizungumza kwa uchungu, nami nawaelewa. Ushirikiano ukikosa mtu mmoja mezani, unaumiza watu.

Sasa turudi Moshi. Kati ya 2007 na 2008, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kwenye hospitali za KCMC na Mawenzi. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528. Vipimo vya uhakika vilipokamilika, waliokuwa na homa iliyosababishwa na malaria walikuwa 14. Soma tena hapo, ndugu yangu: 528 kwa 14. Na kwa waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, zaidi ya robo walikuwa nayo: leptospirosisi, homa ya Q, homa za kupe, bruselosisi. Wengine 55 walikuwa na chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Matokeo yalichapishwa 2013. Sampuli za leptospirosisi zilipimwa Atlanta, kwenye maabara ya CDC ya Marekani, yaani taasisi ya serikali ya nchi nyingine ndiyo iliyotuambia kilichokuwa kinawaumiza watu wa Pasua na Majengo. Nawashukuru kwa dhati. Lakini hilo linanikosesha usingizi zaidi ya jambo lolote ninalolijua kuhusu afya ya mkoa wetu.

Maana miaka mingi baadaye mama yangu mdogo, huko mlimani, aliugua homa ya kupanda na kushuka, viungo vikamuuma, jasho usiku mpaka shuka linalowa. Kwenye zahanati moja akaambiwa malaria. Akarudi, akaambiwa taifodi. Akarudi tena, akaambiwa UTI. Alikunywa dawa za kila aina, na nyingine alinunua duka la dawa bila cheti, kama tunavyofanya wote. Nilipoenda likizo ya Krismasi nikamkuta amekonda, kisusio kipo mezani na yeye hana hamu hata ya kukionja. Tukampeleka kwa daktari mwingine mjini, kijana tu.

"Shikamoo mama. Nyumbani mnafuga?"

"Marahaba. Ndiyo, daktari, ng'ombe wawili na mbuzi."

"Kuna aliyetupa mimba mwaka huu?"

Mama mdogo akanitazama kwanza mimi. "Mtamba wetu. Mwezi wa nne. Mimi ndiye niliyemsaidia kumtoa ndama."

Kwa mikono mitupu, bila glavu. Kipimo kikaonyesha bruselosisi, ambayo wafugaji wanaifahamu kama ugonjwa wa kutupa mimba. Akatumia dawa wiki sita, akapona.

Kilichonichoma ni hiki: bwana mifugo wa kata alikuwa na habari za yule mtamba. Alikuja, akaangalia, akaandika kwenye daftari lake. Zahanati nayo ilikuwa na habari za homa, imeandikwa kwenye kitabu cha MTUHA, yaani kitabu cha kumbukumbu za wagonjwa, zaidi ya mara moja. Ofisi hizo mbili zimetenganishwa na uwanja wa shule. Nusu ya jibu ilikuwa upande huu, nusu upande ule, na hakuna utaratibu wowote unaomtaka mmoja amwambie mwenzake.

Na hapa kwetu kaskazini hatuna kisingizio cha umbali. Kibong'oto, hospitali ya taifa ya magonjwa ambukizi, iko Siha. KCMC na taasisi yake ya utafiti wako Moshi. NIMR, ambayo sheria yake ilipitishwa 1979 ili iratibu utafiti wa afya wa nchi nzima, ina kituo Ngongongare, karibu na Usa River. Taasisi ya sayansi na teknolojia ya Nelson Mandela iko Tengeru. Wakala wa maabara za mifugo, TVLA, wana kituo Arusha, na watafiti wa wanyamapori wa TAWIRI wako Njiro. Mtu akipanda Coaster asubuhi anaweza kuwapitia wote na jioni akalala kwake. Nchini Denmark sijaona utajiri wa namna hiyo kwenye kipande kifupi hivyo cha barabara.

Wala serikali yetu haijalala. Dawati la Afya Moja, la kuunganisha watu wa afya, wa mifugo na wa mazingira, lilizinduliwa Ofisi ya Waziri Mkuu mwaka 2018, mahali panapofaa, kwa sababu Waziri Mkuu anaweza kuziita wizara zote. Mwaka 2019 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliendesha zoezi la dharura pale Namanga, Watanzania na Wakenya, watu wa afya na wa mifugo pamoja, wakijifanya wamevamiwa na homa ya Bonde la Ufa. Mwaka 2022 watu 20 walipougua Lindi na watatu wakafariki, wataalamu walitumwa upesi na nchi ikatangaziwa kuwa ni homa ya Mgunda. Ile ni leptospirosisi, ugonjwa ule ule uliokutwa kwa wagonjwa 40 wa Moshi karibu miaka 15 kabla. Lindi tuliufahamu kama kitu kipya.

Tatizo ninaloliona nikiwa mbali ni kwamba tunakaa pamoja wakati wa mlipuko, au wakati kuna mradi wa mfadhili. Mlipuko ukiisha, posho zikiisha, kila mtu anarudi na daftari lake. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kila aliyekuwa anategemea mfuko huo, hapa kwetu na kwingineko, aliona jinsi kazi ya miaka inavyoweza kusimama kwa saini moja. DANMAP inalipiwa na wizara zao wenyewe kila mwaka, hata mwaka usiokuwa na habari yoyote. Kiasi kidogo cha kudumu kwenye bajeti zetu wenyewe kingetufaa kuliko mradi mkubwa wa miaka mitatu.

Kuna jambo tunalowazidi. Hapa mfugaji ni namba kwenye mfumo. Kwetu bwana mifugo anamjua ng'ombe wa kila boma, na mhudumu wa afya wa jamii anajua nani anakohoa. Wamasai wa Monduli na Ngorongoro wanajua mzoga wa kimeta kwa kuutazama. Ujuzi upo shambani, unakosa pa kwenda.

Kwa hiyo ombi langu ni la kata, halingoji Dodoma. Kamati ya Maendeleo ya Kata inakaa, diwani ni mwenyekiti, na wataalamu wa mifugo na wa afya wote ni watu wa kata hiyo hiyo. Iwekwe ajenda moja ya kudumu: wanyama waliotupa mimba au kufa ghafla, na watu wenye homa ambayo kipimo cha malaria kimesema hapana. Bwana mifugo aje na daftari lake, mganga wa zahanati aje na MTUHA, wasomeane kijiji kwa kijiji. Yakifanana, simu ipigwe kwa mganga mkuu wa wilaya siku hiyo hiyo. Na taasisi zinazochukua damu za watu wetu kwa utafiti zirudi kwenye kikao hicho hicho kueleza, kwa Kiswahili, zilichokikuta. Diwani wetu nimeshamwandikia. Mlio nyumbani, mwandikieni na wa kwenu.