Maradona: kifo kimefuta lipi?

Diego Maradona, nyota wa soka wa Argentina, alipofariki tarehe 25 Novemba 2020, akiwa na miaka 60, barazani waliozoea kumwita mwizi na teja wakageuka siku hiyohiyo wakamtaja kwa mema, kama tulivyofunzwa kuwataja maiti. Adabu njema. Tabu yake ni kwamba inayatia kapu moja makosa yasiyofanana.

Goli la mkono kwanza. Uwanja wa Azteca, Mexico, 22 Juni 1986, robo fainali ya Kombe la Dunia, Argentina na England, dakika ya 51: Hodge wa England aliubetua mpira kurudi kwa kipa wake, Shilton, Maradona mwenye sentimita 165 akaruka na kipa huyo, aliyemzidi kwa karibu sentimita 20, akauwahi kwa ngumi ya kushoto aliyoibana karibu na kichwa. Mwamuzi Ali Bin Nasser wa Tunisia akamtazama mshika kibendera. Kibendera kikabaki chini, goli likakubaliwa. Wanaomtetea hukimbilia goli lililofuata dakika nne baadaye, alipokokota mpira kutoka nusu yake mpaka wavuni. Hilo ni halali yake, tena tamu, ila mechi iliisha 2-1.

Efedrini aliyokutwa nayo Kombe la Dunia 1994 ina utata zaidi. Hukimbiza moyo na kupunguza uchovu, lakini hupatikana pia katika dawa za mafua na za kupunguza mwili, naye alikuwa amejikondesha kwa mashindano yale. Sheria hata hivyo haiulizi nia: kilichokutwa kwenye mkojo ni chako. Miezi 15 nje.

Kokeini ya 1991, iliyomfungia miezi 15 mingine akiwa Napoli, ndiyo iliyostahili kutubadilisha, na mapema kuliko mazishi. Haimbebi mchezaji dakika 90, inamla. Unguja tunalijua hili kwa unga. Mtu aliyekuwa akifukuzwa mtaani kwa mawe, leo jamaa zake wanampeleka soba hausi, nyumba ya kuachia unga, wanakaa naye kwenye arosto, yale mateso ya kuukosa. Kokeini si heroini, arosto zao hazifanani, lakini mtego ni uleule. Kumwita Maradona teja kwa kejeli kulikuwa kosa letu, si lake.

Yanabaki yanayoitwa haki ya mja, ambayo aliyekosewa ndiye wa kuyasamehe. Mwanawe wa Napoli, aliyezaliwa 1986, Maradona alimkana miaka mingi hata baada ya mahakama ya Italia kuthibitisha ubaba wake. Walipatana 2016, baba akiwa hai. Shilton hakuombwa radhi, na amelisema hilo hata baada ya msiba. Barazani hatuwezi kumsamehe Maradona kwa niaba ya Shilton.