Chembe nyeupe zikipanda, tusiishie kwenye antibayotiki

Baba yangu mdogo hatupi karatasi ya hospitali. Majibu yake yote huyakunja na kuyatia kwenye bahasha ya kaki, kisha bahasha inalala chini ya godoro. Mwaka jana tuliifungua tukakuta karatasi tatu za picha kamili ya damu, za miaka mitatu tofauti. Mstari wa WBC, yaani chembe nyeupe, ulikuwa na herufi H, yaani imezidi kiwango, pembeni kwenye zote: 11.8, 12.3, 12.1. Kiwango kilichochapwa mbele yake ni 4.0 hadi 11.0.

Mara zote tatu aliambiwa ana maambukizi kwenye damu, akapewa antibayotiki, akarudi nyumbani. Hakuwa na homa, hakukohoa, mkojo ulikuwa safi. Alikwenda kwa sababu ya uchovu tu. Anavuta pakiti nzima ya sigara kwa siku tangu ujana wake, na sigara peke yake hupandisha chembe nyeupe. Hakuna aliyemuuliza. Na katika karatasi zote zile sikuona palipoandikwa presha.

Hilo ndilo linaloniuma. Tumezoea kuisoma namba hii kwa maana moja tu, wadudu, wakati ina habari nyingine ya kutuambia kuhusu moyo.

Mafuta yakipenya kwenye ukuta wa mshipa, mwili huita askari wake. Chembe nyeupe aina ya monositi huingia ukutani, hula yale mafuta mpaka zinavimba, na nyingi hufia humo humo. Ukuta unatuna. Siku ukipasuka, damu huganda juu ya kidonda, njia inaziba, na huo ndio mshtuko wa moyo. Kwa hiyo chembe nyeupe zimo ndani ya ugonjwa wenyewe.

Watafiti wa Kaiser Permanente, shirika la huduma za afya kule California, waliandika kuhusu uhusiano huu tangu 1974. Mwaka 2005 ukatoka utafiti wa Marekani wa wanawake 72,242 waliokwishakoma hedhi. Waliokuwa na chembe nyeupe kuanzia 6.7 kwenda juu walikufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo zaidi ya mara mbili ya wale wa kundi la chini kabisa, hata baada ya sigara, kisukari na presha kuingizwa kwenye hesabu. Na 6.7 kwenye karatasi zetu haina herufi yoyote pembeni. Inasomeka kawaida.

Lakini msiichukue 6.7 mkaenda kujipimia nayo. Waafrika wengi tuna chembe nyeupe chache kuliko Wazungu, hasa zile za aina ya nyutrofili, na hatuna ugonjwa wowote. Ni urithi uleule wa damu unaotukinga na vivax, aina mojawapo ya malaria. Kwa hiyo kiwango cha Marekani hakiwezi kuwa kipimo chetu moja kwa moja, na mtu wetu mwenye 12 pengine amepanda kutoka chini zaidi kuliko karatasi inavyodhani. Hapa ndipo natamani watafiti wetu wa Afrika Mashariki waweke nguvu, tuwe na viwango vilivyotokana na damu yetu.

Wala simwambii mtu atibu namba. Hakuna dawa ya kushusha chembe nyeupe ili kuokoa moyo wa mtu ambaye hajapimwa hata presha. Ninachoomba ni kidogo: mgonjwa akija na H isiyo na homa, avalishwe kile kitambaa cha presha mkononi, apimwe sukari na mafuta, aulizwe kuhusu sigara, aangaliwe hata fizi, maana fizi zinazooza nazo huzipandisha. Halafu ndipo tuzungumze antibayotiki, kama bado inahitajika.

Baba mdogo alipopimwa hatimaye, presha ilikuwa 178 kwa 104. Sasa yuko kwenye dawa, na sigara zimebaki nne kwa siku. Jumanne tunarudi kliniki, na nimemwambia abebe bahasha yote.