Eti Wajerumani Hawana Kazi

Juzi kijiweni Kirumba jamaa mmoja alitusomea kutoka kwenye simu yake kwamba Wajerumani bado wanabishana vita vya mwaka 9 vilipiganwa wapi. Siyo 1909, ndugu zangu. Mwaka 9! "Hawa hawana kazi," akasema, na kijiwe kizima kikacheka. Mimi nilinuna, na bado nimenuna.

Katika vita hivyo Arminius, kiongozi wa Wajerumani wa kale, aliangamiza majeshi matatu ya Roma yaliyoongozwa na jenerali Varus. Mwaka 1875 Wajerumani wakamzindulia sanamu kubwa karibu na mji wa Detmold, sherehe na mfalme juu. Sanamu kwanza, ushahidi utajileta wenyewe. Miaka kumi baadaye mwanahistoria wao Mommsen akawaambia vita vilikuwa kwingine, tazameni Kalkriese, wakulima wa huko wanaokota sarafu za Kirumi. Nani amsikilize? Hadi mwaka 1987, ofisa wa jeshi la Uingereza, Tony Clunn, alipopita huko na mashine yake ya kutafuta vyuma akaibuka na sarafu, na baadaye risasi za kombeo. Baadhi ya sarafu za hapo zina chapa ya VAR, yaani Varus. Yakafuata mashimo ya mifupa ya watu na nyumbu, mifupa iliyokaa juani miaka kabla ya kufukiwa. Na Tacitus, mwanahistoria wa Roma, aliandika kwamba jenerali mwingine wa Roma, Germanicus, alifika kwenye uwanja wa vita miaka 6 baadaye akawazika wale askari. Wapo wanaoshikilia kwamba hapo Kalkriese alipigana Germanicus mwenyewe, siyo Varus. Detmold nao wana watalii wao wa kulinda, hilo silikatai.

Lakini angalau wanabishana! Mwaka huohuo wa 1875, tarehe 4 Agosti, Stanley, yule mpelelezi mzungu, alikuwa kwenye ziwa hili hili letu la Viktoria, akiwamiminia risasi watu wa kisiwa cha Bumbire waliosimama ufukweni. Aliandika mwenyewe, tena bila haya. Nikawauliza wacheshi wangu: ufukwe upi? Mmoja akanijibu Bumbire iko Ukerewe. Muleba, jamani! Muleba! Na huyo ana digrii.

Haya, uchimbaji wa kitaalamu ni ghali, nakubali shingo upande. Ila mashine kama ya Clunn zimejaa Geita, vijana wanapita nazo porini wakitafuta dhahabu. Mmoja tu apande mtumbwi aende Bumbire, akiongozana na watu wa Mambo ya Kale wenye kibali, nisije nikashtakiwa kwa kuchochea uporaji.